Vespa Zanzibar: umpe fundi aijenge upya, ununue iliyokwisha kutengenezwa, au uchukue skuta mpya?

Anayetaka vespa Unguja au Pemba ana njia tatu. Ya kwanza ni kupata ya zamani, pengine ile ya babu iliyofunikwa gunia uani, akamkabidhi fundi anayejitegemea aifungue mpaka skrubu ya mwisho na kuijenga upya kama mwenyewe anavyotaka. Ya pili ni kununua ambayo mtu mwengine ameshaitengeneza. Ya tatu ni kuachana na gia za mkononi na kuchukua skuta mpya ya otomatiki.

Swali hili linazungumzwa sana barazani, na majibu mengi huegemea upande mmoja. Mwenye vespa humsifia fundi wake, na mwenye skuta husema vespa ni moshi na kusukuma. Mimi moyo wangu uko kwa vespa ya gia iliyopita mikononi mwa fundi mzuri, na nalisema mapema ili msomaji ajue ninakotoka. Hata hivyo nimewaona watu ambao njia hiyo haikuwafaa, na fundi wao hakuwa na kosa lolote. Shughuli zao zilikuwa za aina nyengine tu.

Vipimo vya kutumia

Wengi huanza na rangi, wengine huanza na injini. Kwetu sisi watu wa visiwani kipimo cha kwanza ni chuma. Vespa haina chesesi iliyo peke yake na bodi iliyovikwa juu. Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege aliyeibuni kwa ajili ya kampuni ya Piaggio ya Italia, na ambayo hataza yake iliombwa Aprili 1946, aliiunda kwa mabati ya chuma yaliyokunjwa na kuchomelewa yakawa kitu kimoja. Ngao ya mbele, sakafu ya miguu na sehemu ya nyuma inayobeba injini ndiyo mifupa yenyewe. Pikipiki ya kawaida ikiliwa kutu kwenye madgadi, unabadilisha madgadi. Vespa ikiliwa kutu sakafuni, kilichokatika ni uti wa mgongo. Na chumvi yetu haikai pwani tu: upepo wa kusi huipeleka mpaka Mwanakwerekwe.

Kipimo cha pili ni injini na safari zako. Unguja kwa sehemu kubwa ni tambarare. Anayetoka Jang'ombe kwenda Malindi hahitaji nguvu nyingi, ila anahitaji injini inayovumilia kwenda polepole kwenye foleni ya Darajani bila kuchemka. Pemba ni vilima. Barabara ya Mkoani kwenda Chake Chake na kuendelea Wete hupanda na kushuka njia nzima, na ukiwa umepakia mtu, injini dhaifu utaijua kwenye mlima wa kwanza.

Cha tatu ni spea: zinapatikana wapi, na nani anajua kuzifunga. Cha nne ni fedha, na hapa usiulize ni kiasi gani tu. Uliza pia zinatokaje, kwa mkupuo au kidogokidogo, na kama unaweza kujua jumla kabla ya kuanza. Cha tano ni muda. Cha sita, ambacho watu hukisahau, ni nani hasa atakayeipanda kila siku.

Njia ya kwanza: kumpa fundi aijenge upya

Chuma. Faida kubwa ya njia hii ni kwamba unaiona vespa ikiwa uchi. Fundi akishabandua rangi yote na puti zote, hakuna kinachojificha. Utaona chini ya sakafu pale stendi inapofungwa, utaona kingo za ngao ya mbele, utaona mahali maji ya mvua yanapotuama, na utajua unajenga juu ya nini. Fundi bodi mzuri hukata bati lililooza mpaka afike kwenye chuma kizima, kisha huchomelea kipande kipya. Asiyekuwa mzuri huweka bati juu ya kutu na kufunika kwa puti, na masika mbili tu zinatosha kumfichua. Mwombe akuite bodi ikiwa wazi, kabla ya rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, na piga picha kila upande. Picha hizo zitakusaidia hata siku ya kuuza.

Rangi nayo ina msimu wake. Ikipulizwa wakati wa masika, hewa ikiwa imejaa maji, hufifia na kutoa weupe kama ukungu. Fundi anayekwambia subiri mvua zimalizike anakutakia mema.

Injini. Ufundi wenyewe unaonekana hapa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Chukua PX, aina moja ya vespa ya gia, ya cc 150, ambayo spea zake zinapatikana kuliko za nyengine nyingi. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 57.8, na pistoni husafiri milimita 57. Silinda ikilika hukerezwa ikatanuliwa na kutiwa pistoni kubwa kidogo, na nyongeza zilizopangwa ni tatu: milimita 0.2, 0.4 na 0.6. Ikishafika ya tatu, silinda hiyo imemaliza maisha yake. Kwa hiyo swali la kwanza fundi akishafungua ni hili: tumebakiwa na nyongeza ngapi? Ukubwa huwa umegongwa juu ya kichwa cha pistoni, na fundi muungwana atakuonyesha bila kuombwa mara mbili.

Swali la pili ni sili za kranki, zile mpira zinazoziba pande mbili za mhimili wa injini. Injini hii ni ya mipigo miwili, na nyumba ya kranki ni sehemu ya njia ya mchanganyiko wa hewa na petroli. Sili ikichoka upande wa magneti, injini huvuta hewa ambayo haikupita kwenye kabureta, mchanganyiko unakuwa mwepesi, joto linapanda, na pistoni hukwama njiani. Sili ikichoka upande wa klachi, injini huvuta oili ya gia na kuichoma, na nyuma yako barabara nzima inajaa moshi mweupe. Sasa, kuifikia hii ya upande wa klachi kunataka injini ipasuliwe nusu mbili, ndiyo maana fundi wa haraka hubadilisha pistoni na ringi, akaiacha sili ile ile. Vespa inawaka vizuri, mteja anafurahi, na baada ya muda mfupi pistoni mpya imekwama. Ukiwa unalipia kazi ya kuijenga upya, hakikisha sili, beringi na kile chuma chenye umbo la msalaba kinachokamata gia vimebadilishwa kwa pamoja. Gia inayoruka ukipanda mlima, mara nyingi ni ya pili, na mara nyingi sababu yake ni huo msalaba uliolika pembe.

Kisha linakuja jambo la kuongeza nguvu. Kwa PX ya cc 125 au 150 wengi duniani hufunga silinda ya milimita 63, na injini ikawa ya cc 177. Kwa mtu wa Pemba mabadiliko hayo yana maana: mlima ulioupanda kwa gia ya pili unaupanda kwa ya tatu. Lakini haiwi kazi ya kuchomeka silinda na kuondoka. Jeti za kabureta, vile vitundu vinavyopima petroli, lazima zibadilishwe, taiming iangaliwe, na petroli itatumika zaidi. Kadi ya usajili pia inaeleza ukubwa wa injini, kwa hiyo ulizia upande wa usajili na wa bima kabla ya kuvunja kitu. Anayebaki mjini Unguja, ushauri wangu aiache kama ilivyotoka kiwandani, na fedha hizo aziweke kwenye umeme. Vespa za zamani za volti 6 zina taa hafifu, na kuzihamisha kwenda volti 12 kwa mwasho wa elektroniki kutamfaa zaidi anayerudi shamba usiku kuliko kilomita kumi za kasi.

Jambo moja la oili, kwa sababu hapa kwetu linaharibu injini nzima za watu. PX isiyo na pampu ya oili inataka mchanganyiko wa asilimia 2, yaani mililita 100 kwa kila lita 5 za petroli. Wengi hununua oili ya mashine za boti, ile iliyoandikwa TC-W3, kwa vile wavuvi wanaitumia na inapatikana kila bandari. Oili hiyo imetengenezwa kwa mashine zinazopozwa na maji. Vespa inapozwa na upepo, na joto lake ni jengine kabisa. Tafuta oili ya mipigo miwili ya pikipiki, yenye alama ya JASO FC au FD.

Spea. Kwa PX, na kwa ndugu zake kama LML zilizotengenezwa Kanpur, India, kwa asili ya Piaggio, vipande vingi vinaingiliana, na fundi mzoefu anajua kipi cha India kinatosha na kipi ni lazima kitoke Italia. Kwa zile za miaka ya 1960, kama VBB yenye matairi ya inchi 8, mambo ni magumu zaidi: vipande vya bodi na mapambo huagizwa mbali, na unaweza kungoja miezi kwa ajili ya kofia ya taa.

Fedha. Hakuna fundi mkweli anayeweza kukupa jumla kamili kabla rangi haijabanduliwa. Anayekupa, ama ameweka nyongeza ya kujikinga, ama atarudi kwako na sababu. Njia iliyo sawa kwa pande zote ni kulipa kwa hatua: kufungua na kukagua, kisha bodi na rangi, kisha injini, kisha kufunga na kujaribu. Andikeni kwenye karatasi, hata kama ni fundi wa mtaa mmoja na mnasali msikiti mmoja. Omba vipande vya zamani urejeshewe vyote. Na usimbane fundi bei mpaka akose pumzi, kwa maana atakapotafuta pa kupunguza, atapunguza kwenye vitu usivyoviona, na sili ni moja yao.

Muda. Mrefu. Spea inasubiri boti kutoka Dar es Salaam, bodi inasubiri jua, na fundi mmoja ana vespa kadhaa kibandani. Ukimpigia simu kila asubuhi hutaiharakisha kazi. Kupita pale mara moja kwa wiki na kuuliza kilichofanyika ndiko kunakosaidia.

Kumchagua fundi ni kazi yenyewe. Sikiliza vespa alizozitengeneza zamani, siyo za juzi, kwa kuwa vespa iliyotoka jana kila moja inalia vizuri. Waulize wenye nazo kama alifuata alichoandika, na kama walirudi kwake kwa hitilafu ile ile. Angalia kibanda chake: anayeweka nati za kila injini kwenye kopo lake hatachanganya zako na za mtu. Mwulize swali ambalo huna jibu lake, uone kama anaeleza au anakuzungusha. Wale mafundi wazee wenye sikio la kabureta wanapungua, na vijana waliojifunza chini yao wanastahili kazi. Mimi simwogopi kijana ikiwa mwalimu wake yupo hai na anapita kuangalia.

Inamfaa nani. Mwenye vespa ya familia, mwenye subira, mwenye chombo chengine cha kwendea kazini kwa sasa, na anayetaka kuijua mashine yake mpaka ndani. Pia anayetaka kitu cha kwake hasa: kiti cha watu wawili, rangi ya mwaka fulani, breki ya diski mbele badala ya ngoma.

Njia ya pili: kununua iliyokwisha kutengenezwa

Chuma. Hapa unanunua rangi, na chini ya rangi ni imani. Wapo wauzaji waliofanya kazi safi na watakuonyesha picha za bodi ikiwa wazi. Asiyekuwa na picha usimhukumu moja kwa moja, ila kagua mwenyewe. Chukua sumaku ndogo, izungushe kwenye kitambaa isikwaruze, na ipitishe sakafuni, kwenye kingo za ngao na chini ya mashavu ya pembeni. Isiponata, pale pana puti. Lala chini uangalie sakafu kwa tochi. Simama nyuma yake mtu akiwa ameishika wima, utazame kama gurudumu la mbele na la nyuma yako kwenye mstari mmoja. Vespa nyingi zilizorembwa kusini mashariki ya Asia kwa ajili ya kuuzwa nje zimejulikana kwa kuunganishwa kutoka mbili au tatu, na mstari huo ndio unaozifichua.

Soma namba. PX ya cc 150 ya Italia, namba ya bodi huanza na VLX1T, na ya injini VLX1M. VBB huanza na VBB1T au VBB2T, na injini yake VBB1M. Injini ya aina nyengine siyo kosa peke yake, mradi kadi inasema hivyo na bei inalingana. Namba iliyokwaruzwa au kuchomelewa upya, ondoka.

Injini. Fika asubuhi na mwambie mwenyewe asiiwashe kabla hujafika. Injini ya baridi husema kweli. Iwashe, ipande mpaka ipate moto, kisha iache ikae bila kuvuta mafuta. Mlio ukishuka na kutulia, vizuri. Ukipanda wenyewe au ukichelewa kushuka, kuna hewa inaingia pasipotakiwa. Moshi mweupe usiokatika baada ya injini kupata moto unakurudisha kwenye ile sili ya klachi. Panda gia zote, na katika ya pili vuta mafuta kwa nguvu uone kama itaruka. Usiwe na haya ya kukagua hivyo mbele ya muuzaji. Aliyefanya kazi nzuri hufurahi kuona mnunuzi anayejua.

Spea ni zile zile za njia ya kwanza, tofauti ni kwamba hujui zilizomo ndani ni za wapi. Muulize jina la fundi, umfuate, umwombe akueleze alichofunga. Mafundi wengi wanaikumbuka kila injini waliyoipasua.

Fedha. Zinatoka kwa mkupuo, lakini unajua mwisho wake, na mara nyingi ni chini ya jumla ya gharama alizotoa mwenyewe, kwa sababu anayejenga vespa kwa mapenzi hapati zote akiuza. Weka akiba pembeni kwa miezi ya mwanzo: nyaya za klachi na gia, matairi, kabureta kusafishwa. Tairi lenye kashata nzuri linaweza kuwa limezeeka na kupasuka pembeni.

Muda. Unaondoka nayo siku hiyo hiyo, kama kadi iko sawa na jina la muuzaji ndilo lililoandikwa. Suala la kadi lisisubiri kesho.

Inamfaa nani. Anayeipenda vespa ya gia lakini hana mwaka wa kungoja, na ana jicho la kukagua au ana rafiki mwenye jicho hilo. Pia anayependa kusikia na kupanda kwanza ndipo atoe fedha. Kwa upande huu njia ya pili inaishinda ya kwanza waziwazi: kitu unachokilipia kipo mbele yako.

Njia ya tatu: skuta mpya ya otomatiki

Chuma. Skuta nyingi mpya zimejengwa kwa fremu ya mabomba iliyovikwa plastiki. Plastiki haipati kutu, na anayeishi Nungwi au Jambiani, ambako mawimbi yanasikika kitandani, ataliona hilo ni jambo kubwa. Ila fremu iliyo chini hupata kutu kimya kimya, na vile vishikizo vya plastiki vikikatika, skuta huanza kulia kama debe. Vespa mpya za Piaggio zenyewe, kama Primavera, bado zina bodi ya chuma, kwa hiyo zinataka utunzaji ule ule wa vespa ya zamani: maji baridi yasiyo na chumvi kila unapotoka pwani, na kukaushwa.

Injini. Mipigo minne, hakuna kuchanganya oili, petroli inakwenda mbali zaidi, na moshi hauonekani. Mwendo unapitia mkanda na si gia, kwa hiyo hakuna klachi ya kubana. Unabonyeza swichi na unaondoka. Kwenye foleni ni raha. Ukipanda kilima ukiwa umepakia, injini ndogo ya cc 110 hupiga kelele na kwenda polepole, kwa hiyo mtu wa Pemba ajaribu ya cc 125 au 150 kabla ya kuamua. Mkanda na roda zake huisha na lazima vibadilishwe kwa wakati. Ukikatikia njiani huna hata gia ya kukufikisha nyumbani.

Spea na fundi. Kwa aina zilizoenea, spea za kawaida hupatikana bila shida. Ugumu unaanza kwenye zile zinazotumia mfumo wa kielektroniki wa kupuliza petroli badala ya kabureta. Fundi wa kibandani mwenye bisibisi na sikio lake hawezi kusoma kompyuta ya injini bila kifaa chake. Kabla ya kununua, ulizia ni nani kisiwani mwenye kifaa hicho, hasa ukiwa Pemba.

Fedha. Unajua jumla, unapata risiti, na ukinunua kwa muuzaji rasmi unapata dhamana. Soma dhamana hiyo inataka huduma ifanyike wapi. Ikiwa ni Dar es Salaam tu, kwa mtu wa Wete ni karatasi. Thamani yake hushuka kila mwaka, wakati vespa ya gia iliyotunzwa inashikilia bei yake vizuri zaidi.

Muda. Hakuna wa kusubiri zaidi ya usajili.

Inamfaa nani. Anayeanza kujifunza, anayehitaji chombo cha kazi kisichokosa asubuhi hata moja, na mama anayepeleka watoto skuli kisha akaenda sokoni. Jambo la baibui lisemwe wazi: skuta na vespa zote mbili hazina mnyororo ulio wazi kama wa pikipiki, na sakafu yake ni bapa, kwa hiyo vazi refu lina usalama zaidi. Tofauti ni kwamba vespa ya gia inataka mkono wa kushoto uwe na nguvu, na injini yake iko upande wa kulia, hivyo mgeni huihisi inaelemea upande mmoja mpaka aizoee.

Ukiwa katika hali hii, fanya hivi

Una vespa ya babu au ya mzee wako, na nyumbani kuna chombo chengine: mpelekee fundi, na mwambie airudishe ilivyokuwa. Usikate bodi wala usibadilishe vitu visivyorudishika. Kama bodi imeoza sana, mwache fundi aseme, kisha uamue ukiwa na picha mkononi.

Huna usafiri kabisa na kazi inaanza wiki ijayo: chukua skuta, au vespa iliyokwisha kutengenezwa uliyoikagua vizuri. Kuanza ujenzi wa vespa huku unategemea daladala kutakufanya umkimbize fundi, naye atakimbiza kazi.

Unaishi Pemba na unapanda milima kila siku: kwa vespa ya gia tafuta PX ya cc 150 au 200 iliyo nzima, au ujenge ya cc 177 kwa fundi anayejua jeti. Kwa skuta, usishuke chini ya cc 125. Ukiivusha kwa meli mpaka Mkoani, ioshe kwa maji baridi siku hiyo hiyo.

Unaishi Mji Mkongwe, vichochoro vyembamba, na huna mahali pa kuifungia ndani: vespa iliyojengwa kwa fedha nyingi itakunyima usingizi, na rangi yake itakwaruzwa na kila mkokoteni. Skuta au vespa ya rangi ya kawaida inakutosha, mpaka upate ua.

Unaipenda vespa lakini hujawahi kuipanda zaidi ya mtaani: omba ya rafiki uende nayo mpaka Paje na kurudi. Mkono wa klachi, kiti na mtetemo wa njia nzima vitakwambia mengi kuliko makala haya.

Na kwa aliyesimama katikati, ipo njia inayochanganya mbili za mwanzo, nami naipendekeza mara nyingi kuliko zote: tafuta vespa yenye bodi nzima na injini mbovu. Watu wengi huikimbia kwa sababu haiwaki, na bei yake inakuwa ya chini. Mlipe fundi wako muda wake wa asubuhi moja, nenda naye, achukue sumaku na tochi, alale chini ya sakafu. Akisema chuma kizima, nunua. Injini ataipasua kwa wiki chache, akatia sili, beringi, pistoni na msalaba wa gia, na huku anaifanya wewe unashughulikia kadi.